Kilomita za Mwanzo za Injini ya Tabo Iliyofunguliwa na Kufungwa Upya

Mwenye Subaru ya tabo aliyengoja wiki kadhaa gerejini, akatoa fedha za ringi, za beringi, za gasketi na za karakana ya mashine, huwa na hamu moja tu siku anapokabidhiwa ufunguo: kukanyaga mafuta na kuusikia ule mluzi unaopanda kadiri gari linavyoshika kasi. Hamu hiyo si ajabu, na aghalabu ndiyo inayomrudisha gerejini kabla mwezi haujaandama, gari likivutwa kwa kamba. Kwani injini iliyofunguliwa na kufungwa upya, ijapokuwa aliyeifunga ni fundi asiye na mfano, haijawa injini kamili mpaka vyuma vyake vimezoeana, na kuzoeana huko kuna wakati wake na kanuni zake, na ndani yake mna jambo moja ambalo watu wengi, wakiwamo mafundi wa kuheshimika, wamelipokea kinyume.

Nimeitaja Subaru kwa kusudi. Katika Nairobi na miji ya jirani gari hilo lina jamaa yake na mashabiki wake: wapo waliolipenda tangu Patrick Njiru aliposhika nafasi ya nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 akiendesha Impreza, na wapo vijana waliozaliwa baada ya hapo ambao huitambua sauti yake likiwa bado halijakata kona. Injini yake mashuhuri, yenye alama ya EJ20, ilitoka mwaka 1989 pamoja na Legacy ya kwanza. Ina silinda nne, mbili kila upande, na pistoni zake hulala badala ya kusimama. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 92, na kila pistoni husafiri milimita 75, hata ujazo wa jumla ukawa sentimita za ujazo 1,994. Ikitunzwa hudumu, ikipuuzwa haina huruma. Na kwa kuwa magari hayo hufika bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika Japani miaka kadhaa, si nadra mwenyewe kujikuta amesimama mbele ya fundi akitakiwa achague moja kati ya mawili, ama anunue injini nyingine iliyotumika, ambayo siri ya maisha yake ya nyuma haijui, ama hii yake ifunguliwe.

Tabo yenyewe asili yake ni hesabu ya mtu asiyependa israfu. Injini ya petroli hutupa kwa njia ya ekzosi sehemu kubwa ya joto ambalo mwenye gari amelilipia kituoni, na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, ndiye aliyewaza kwamba moshi huo uzungushe gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo, likiwa katika shafti moja na mwenziwe wa upande wa pili, lishindilie hewa safi ndani ya silinda kwa wingi kuliko ambavyo pistoni peke yake ingeweza kuivuta. Mwaka 1918 mhandisi wa Kimarekani, Sanford Moss, aliipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kileleni Pikes Peak, katika Colorado, kimo cha zaidi ya mita 4,300, akathibitisha kwamba tabo huirudishia injini nguvu inayopokonywa na uchache wa hewa ya mlimani. Katika gari la leo shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukipitiwa na moshi wenye joto la nyuzi 800 na zaidi, na haina kinachoibeba ila utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana kwa muda mfupi tu, mambo yamekwisha.

Sasa tuitazame ringi, maana ndiyo inayoamua kama fedha zilizotolewa zimekwenda mahali pake. Kila pistoni huvikwa ringi tatu: mbili za juu huzuia mgandamizo usipenye, na ya chini hukwangua oili isipande kuungua. Fundi wa karakana ya mashine hauachi ukuta wa silinda ukiwa laini. Huukwaruza makusudi kwa mawe maalumu, mikwaruzo ikipishana mshazari kama nyuzi za jarife, ili mabonde yake yashike oili na vilele vyake vidogo, ambavyo jicho haliwezi kuvipambanua, visuguane na ringi mpaka kila kimoja kimechukua umbo la mwenzake. Vilele hivyo huwa vikali kwa muda mfupi tu. Vikikatika vizuri, ringi imekaa, na mgandamizo hautapata pa kutorokea kwa miaka mingi. Vikisuguliwa ovyo ovyo, nafasi hiyo hairudi ila kwa kuifungua injini tena.

Na nini kinachoisukuma ringi ikaushika ukuta? Wengi hudhani ni mkunjo wake wenyewe, ule unaoifanya itanuke ikitolewa kwenye pistoni. Mkunjo huo ni dhaifu. Nguvu kubwa hutoka kwa gesi ya mwako, ambayo hupenya juu ya ringi, ikaingia nyuma yake, ikaibana dhidi ya ukuta. Na kadiri mwako unavyokuwa mzito ndivyo ringi inavyobanwa. Kwa hiyo mtu anayeichukulia injini yake mpya kama mgonjwa aliyetoka hospitali, akaiacha ingurume nje ya nyumba kwa saa nzima ili ipate joto, kisha akaenda nayo mwendo wa maziko kwa wiki mbili, ameinyima ringi kile kile inachokihitaji: oili hupanda, ikaungua juu ya ukuta ulio moto, ikaacha ukoko mgumu unaong'aa, ukajaza mabonde yote, na ringi ikabaki inateleza juu yake siku zote. Matokeo yake ni moshi wa buluu asubuhi, oili inayopungua bila kuvuja, na mwenye gari anayeapa kwamba alilitunza.

Hilo ndilo jambo lililopokewa kinyume. Injini mpya yataka kazi. Isichotaka ni pupa, wala joto kupita kiasi, wala shinikizo la tabo kabla ya wakati wake.

Kazi hiyo huanza kabla ya ufunguo kuzungushwa. Ikiwa injini ilinoki kabla ya kufunguliwa, beringi zikasagika, basi unga wa vyuma ulikwisha kusambazwa na oili katika kila mfereji, na si wa ndani ya bloku tu: umelala katika kipozeo cha oili, katika mirija, na ndani ya tabo. Kipozeo hicho hakisafishiki kwa kuaminika, na mtu aliyekwisha kulipia krenki na beringi mpya hana hoja ya kuirudisha sumu ile ile ndani kwa kukibania kipande hicho kimoja. Zipo Subaru ambazo mrija wa kuipelekea tabo oili umefichwa ndani ya bolti yake filta ndogo ya wavu, ambayo tundu zake zikiziba tabo hufa kwa kiu ilhali geji ya dashibodi inaonyesha kwamba oili ipo. Mafundi wengine huitoa, wengine huibadilisha. Cha msingi ni kujua kwamba ipo.

Fauka ya hayo, ikiwa mwenye gari amefunga injekta kubwa zaidi kwa matumaini ya nguvu za kesho, sharti kompyuta ya injini iandaliwe kwanza ramani ya kuanzia, yaani jedwali la kuiongoza, hata kama ni ya kukisia kwa hadhari. Kompyuta isiyojua kwamba injekta zimebadilishwa hufungua kwa muda ule ule wa zamani, petroli ikamwagika bila kiasi, ikaosha oili yote ukutani, na ringi ikajikuta inasugua chuma kikavu. Injini iliyoogeshwa petroli namna hiyo dakika za mwanzo aghalabu haiponi, na hakuna fundi wa ramani, hata awe bingwa, atakayeiponya baadaye.

Siku ya kuwasha, fundi mwangalifu hung'oa plagi zote nne, akatoa fyuzi ya pampu ya petroli, akajaza oili ya kawaida ya madini, si ile ya sintetiki ya bei ghali ambayo utelezi wake huchelewesha ringi kukaa, kisha akaizungusha injini kwa stata pekee, kwa vipindi vifupi ili stata isiungue. Bila mgandamizo, krenki huzunguka kwa wepesi. Mwanzo husikii kitu ila pumzi za silinda zikitoka katika matundu ya plagi. Kisha mlio unazama kidogo, unakuwa mzito, na sindano ya geji aliyoifunga kando inaanza kutetema na kupanda. Hapo oili imefika. Atarudia mara moja zaidi, kwa ajili ya tabo iliyo mbali kuliko vyote, ndipo arudishe plagi na fyuzi.

Ikishawaka, kazi ya fundi ni kutazama na kunusa: panapovuja maji, panapovuja petroli, geji ya oili inasemaje. Kipimo cha zamani cha mafundi ni pauni 10 za shinikizo kwa kila mizunguko 1,000, na kingali kinafaa. Subaru ina tabia ya kuficha hewa katika mifereji yake ya maji, na kipovu kimoja kilichobaki kwenye silinda hedi chaweza kuiunguza gasketi mpya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo maji hujazwa taratibu, hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yameisha. Maji na oili vikishapata joto na pasiwe na uvujaji, gari litoke barabarani. Kuliacha lingurume zaidi ni hasara tupu.

Njia ifaayo ni yenye miinuko ya wastani na isiyo na msongamano, kama ile ya kutoka Kitengela kuelekea Kajiado alfajiri, si mteremko na mpando mrefu wa Mai Mahiu, ambao utaipandisha injini joto kabla haijajimudu. Gia ya tatu. Kutoka mizunguko 2,500 kanyaga nusu, kisha zaidi kidogo, mpaka ifike 4,000, halafu ondoa mguu kabisa na uliache gari lijivute lenyewe kwa gia mpaka lirudi 2,500 bila kugusa breki. Wakati wa kukanyaga, gesi huibana ringi. Wakati wa kuachia, mvuto ndani ya silinda huinyanyua oili kidogo, ikasafisha unga uliosagika na kuupoza ukuta. Rudia, kisha nenda kwa utulivu dakika chache joto lishuke, kisha rudia tena, kila mara ukiongeza mzigo kidogo. Katika kipindi hiki tabo huachiwa springi ya wesigeti peke yake, kile kilango kinachoupitisha moshi kando ya gurudumu, ili shinikizo libaki la chini kabisa. Wenye gari huona uchungu kwa hili, na ni kweli kwamba gari huwa zito kama daladala iliyojaa. Wavumilie.

Baada ya matembezi hayo ya mwanzo oili humwagwa ingali moto, na filta hukatwa. Hatua hii hurukwa na wengi kwa kuionea uchungu oili iliyodumu kilomita chache, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Filta ikikatwa, karatasi yake yenye mikunjo hutandazwa juu ya gazeti na kubanwa mpaka ikauke, kisha huinamishwa chini ya taa. Ung'avu wa kijivu mwembamba kama vumbi ni ringi na silinda zikizoeana, na si wa kutisha. Chembe ambazo kucha huzihisi ni habari nyingine. Sumaku hupitishwa juu yake: zinazoruka kuishika ni chuma au feleji, zinazobaki mahali pake, hasa zikiwa na rangi ya shaba, zimetoka kwenye beringi, na injini yapasa kufunguliwa sasa, ingali na krenki inayofaa. Oili humwagwa tena zipatapo kilomita 500, na mara nyingine zifikapo 1,600.

Kitabu cha Subaru humwagiza mwenye gari jipya asipite mizunguko 4,000 kwa kilomita 1,600 za mwanzo, wala asidumu muda mrefu katika mwendo mmoja, uwe wa kasi au wa pole. Agizo hilo huisaidia injini iliyofungwa upya pia, kwani haliwakatazi watu mzigo bali mbio. Mwisho wake fundi hupima mgandamizo wa silinda zote nne, na akiwa na kifaa cha kupima uvujaji wa hewa ni bora zaidi. Silinda zote zikikaribiana, ringi zimekaa. Ndipo, na si kabla ya hapo, ianze habari ya nguvu.

Kupanga ramani ya injini ya tabo ni kutawala vitu vitatu kwa pamoja: kiasi cha petroli, wakati wa cheche na shinikizo la tabo. Petroli ya kuungua kikamilifu huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake, lakini tabo inapofanya kazi kwa nguvu mafundi huongeza petroli mpaka uwiano ukakaribia 11 au 11.5, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza mwako. Uwiano huo hausomeki kwa pua wala kwa rangi ya ekzosi, na sensa ya kiwandani ya magari mengi haisemi kweli ukishuka hapo. Unahitaji sensa ya masafa mapana. Ama cheche, ikitangulia kwa kadiri hupatikana nguvu, ikitangulia mno mchanganyiko uliobaki hujiripukia wenyewe kabla mwali haujaufikia, na silinda ikagongwa kama kwa nyundo kutoka ndani. EJ25, dada mkubwa wa EJ20, imejipatia sifa mbaya kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa silinda ya nne, na ugongaji wa namna hiyo ni miongoni mwa sababu zake kubwa.

Wamarekani waliyajua haya mapema. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, miongoni mwa magari ya kwanza ya abiria kuuzwa na tabo, iliwekewa chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli ili kuzuia ugongaji huo. Wenye magari wakasahau kujaza chupa, na baadaye mengi ya magari hayo yakavuliwa tabo. Tofauti ya kwetu ni kwamba chupa inayosahaulika ni oktani: Subaru za tabo zilizouzwa Japani zilitarajiwa kunywa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake ni kama 100, na aipataye petroli hiyo katika vituo vya kawaida vya Afrika Mashariki ana bahati. Mtu anayechukua ramani ya Kijapani au ya Kiingereza kama ilivyo, akaitia katika gari la Nakuru, amejitafutia balaa.

Tena kuna suala la kimo. Nairobi kanieneo ya hewa ni kama milibari 830, ilhali Mombasa ni 1,013. Hewa ya Nairobi imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Tabo hujitahidi kufidia kwa kuzunguka zaidi, lakini jedwali la kompyuta, lenye mizunguko upande mmoja na mzigo wa hewa upande mwingine, hupangwa na fundi kwa visanduku vile tu ambavyo gari limevifikia siku hiyo. Gari likishuka Mombasa, kwa hewa nzito ya pwani, huingia katika visanduku vya mbali ambavyo hakuna mkono uliovigusa, na huingia humo katika joto la nyuzi 32, kipozeo cha hewa ya tabo kikiwa kimekaa juu ya injini na kimekwisha kuota moto kwa foleni ya Changamwe. Ndiyo maana gari lililopangwa vizuri Nairobi, likatembea miezi bila kasoro, huweza kuvunja pistoni wikendi moja ya sikukuu. Fundi mwenye busara huvijaza visanduku hivyo kwa tahadhari, cheche zikicheleweshwa na petroli ikiongezwa, hata kama Nairobi haitavifikia kamwe. Na aliye bora zaidi humtaka mwenye gari alete rekodi za kompyuta kutoka pwani kabla ya kukamilisha.

Kwa hayo yote, msomaji unayetaka kumkabidhi mtu injini yako, muulize kwanza ana sensa ya masafa mapana, ana namna ya kusikiliza ugongaji, na kama atakupa rekodi ya alichokifanya. Anayepanga kwa sikio tu, chukua ufunguo wako uondoke. Na anayekuambia urudi baada ya kilomita 1,600, oili ikiwa imekwisha kubadilishwa mara tatu, kabla hajagusa tabo, huyo mpe kazi hata kama ujira wake umezidi.